Jengo Lisilo na Mita

Mtaani walimwita Bibi Mita, na jina lilimganda hata baada ya idara ya maji kumstaafisha. Kwa miaka thelathini na mmoja alitembea nyumba kwa nyumba, daftari kwapani na kipande cha nondo mkononi, akiinua mifuniko ya chuma, akifuta vioo vya mita kwa kidole gumba, akiandika tarakimu. Kazi hiyo ilimfundisha mengi yasiyoandikwa daftarini. Uniti zikipanda ghafla, nyumba ile ina mtoto mchanga na nguo za kufua kutwa. Zikishuka na kubaki chini, kuna mtu ameondoka, na Bibi Mita alishusha sauti akisalimia hata kabla hajaambiwa kitu.

Alipostaafu, miguu yake ilikataa kustaafu naye. Mumewe, fundi redio aliyefanyia kazi zake hapo hapo nyumbani, alichoka kumwona akizunguka meza huku ameinamisha kichwa.

"Mama watoto," alimwambia siku moja, "humu ndani mita ni moja tu, na leo umeshaisoma mara mbili."

Aliyempatia dawa ni mkwe wake, mke wa mwanawe wa pili, mwalimu wa kompyuta katika chuo cha uhazili. Alimfungulia blogu, akamwonyesha pa kubonyeza na pa kutogusa kabisa. Waliiita Mlango kwa Mlango. Kila wiki Bibi Mita aliandika kuhusu mlango mmoja aliouzoea: mjane anayejalidi vitabu chini ya ngazi za mtaa wa juu, kinyozi aliyepaka kibanda chake rangi tatu kwa sababu kila kopo liliisha katikati ya ukuta. Wasomaji wa mwanzo walikuwa wanne. Mmoja wao alikuwa mumewe, aliyeandika maoni, kisha akayasoma kwa sauti nzito kama mtangazaji wa taarifa ya habari.

Jiji lao lenyewe halikuwa na sifa. Barabara kuu tatu zilikutana pale, basi. Ukilitaja kwa mgeni, mgeni alisema, "Ahaa, pale tunapobadilishia basi," na mazungumzo yakahamia kwingine. Jambo hilo liliwakera wengi, halmashauri ya jiji kuliko wote. Ndipo mwanzoni mwa mwaka likapandishwa bango kwenye kituo kikuu cha mabasi, pana kama ukuta wa ghala. Lilikuwa na maghorofa ya vioo, mto unaometameta, daraja lililoning'inia kwa nyaya, na juu yake maandishi mekundu: JIJI LETU, SURA YETU.

Bibi Mita alisimama chini yake mpaka shingo ikamwuma. Alilikagua ghorofa moja baada ya jingine. Alijaribu kukumbuka mfuniko wa chuma mbele ya hata mlango mmoja wa vioo. Hakukumbuka. Akaenda nyumbani, akaketi, akaandika:

"Nimesoma mita za jiji hili miaka thelathini na mmoja. Nimeingia mpaka nyuma ya machinjio. Majengo haya ya kwenye bango sijawahi kuyasomea mita. Kama kweli yapo, basi yanatumia maji bure, na idara iarifiwe."

Hakutia neno jingine. Mkwe wake alipekua mtandaoni, akaipata picha ile ile: lilikuwa jiji la nchi ya mbali, watu wameipiga toka angani. Wakaiweka chini ya maandishi.

Kufikia adhuhuri ya siku iliyofuata wasomaji hawakuwa wanne tena. Watu walicheka hadi mbavu zikawauma. Redio ikalisema, madereva wakalisema, mtu akachora mita kubwa ya maji akaibandika kwenye nguzo ya bango. Mumewe alisoma maoni mpaka sauti ikakauka. Siku ya tatu bango lilishushwa, na Bibi Mita akaenda sokoni kifua mbele, akisalimiwa na watu asiowajua.

Jumamosi alasiri mlango ulibishwa. Alikuwa kijana mwenye tai, viatu vimejaa vumbi, shati limekunjamana mgongoni.

"Shikamoo, mama. Mimi ni afisa habari wa halmashauri."

"Marahaba," alijibu Bibi Mita. Nyuma yake alimsikia mumewe akitafuta shati la kuvaa.

Walimkaribisha kiti, wakampa maji. Kijana aliyanywa yote kabla hajasema.

"Sikuja kwa shari. Bango lile nililitengeneza mimi. Nilipewa siku mbili. Mkurugenzi alisema anataka sura ya kisasa, nami nina miezi minane tu hapa, najua njia ya kutoka chumbani kwangu hadi ofisini. Nikachukua picha mtandaoni. Kosa ni langu." Aliizungusha bilauri mikononi. "Ila jana mama yangu amenipigia simu kutoka kwetu. Anasema wamenicheka hata kule. Akaniuliza, mwanangu, umefanya nini?"

Bibi Mita alimwongezea maji. Alipokuwa akiandika alikuwa ameiona halmashauri, yaani lile jengo la manjano lenye bendera na mita mbili za maji upande wa kushoto. Haikumjia kwamba ndani yake kuna mtu mmoja mwenye mama.

"Umekuja nifute?" aliuliza hatimaye.

"Nilikuja kuomba hivyo."

"Nikifuta watasema mmenitisha. Utachekwa mara ya pili." Alifikiri kidogo. "Una kamera?"

"Ya ofisi."

"Basi Jumatatu saa moja asubuhi uwe hapa. Na viatu hivyo viache kwako, vitakutoa malengelenge."

Jumatatu walitembea. Bibi Mita alimpitisha kama alivyopita enzi za kazi, uani, uchochoroni, chini ya kamba za nguo. Watu walimwita toka madirishani. Alimwonyesha mjane wa vitabu, aliyempa kijana sindano ajaribu mwenyewe, akajidunga. Alimwonyesha nyumba ambayo uniti zake zilipanda mara tatu mwaka mmoja, na mapacha watatu waliosababisha hayo walikuwa mlangoni, sasa wasichana wakubwa, wakigombania kioo.

Saa nne walifika kituo cha mabasi, upande wa nyuma ambako kijana hakuwahi kukanyaga. Hapo palikuwa na mzee mpiga pasi, meza yake, pazia na benchi. Wasafiri walishuka na nguo zilizokunjika kwa safari ya kutwa, wakazivua, wakakaa na fulana za ndani kungoja. Huyu anakwenda kwenye usaili, yule mahakamani, mwingine ukweni kwa mara ya kwanza.

Mpiga pasi alimtazama kijana mgongoni, akanyoosha mkono.

"Lete hilo shati."

"Mimi sisafiri, mzee."

"Sijakuuliza unakwenda wapi. Keti kidogo."

Kijana alimtazama Bibi Mita, akapata jibu lile lile machoni mwake. Akavua tai, akavua shati, akaketi kati ya wanaume watatu waliokuwa wakibishana kwa upole kuhusu barabara ipi ina mashimo zaidi. Dakika tano baadaye naye alikuwa akibishana. Kamera ilikuwa juu ya mkoba. Bibi Mita, ambaye hakuwahi kushika kamera ya namna ile, aliielekeza benchini na kubonyeza.

Waliitazama picha kwenye kioo cha kamera. Wanaume wanne wa fulana nyeupe, magoti yamegusana, mmoja ameinua kidole, mvuke wa pasi ukipanda nyuma yao kama asubuhi ya baridi.

"Hii ndiyo," alisema Bibi Mita.

"Mama, na mimi nimo. Nusu uchi. Mkurugenzi atanila mzima."

"Nayo ni sura yako. Ukikataa siitumii."

Kijana alivaa shati lake, lingali na joto la pasi. Alifunga vifungo vyote kwanza. "Waulize na wenzangu," alisema. "Wakikubali, iweke."

Wenzake walikubali, mmoja akiomba tu jina la kijiji chao lisitajwe. Jioni ile picha iliingia kwenye Mlango kwa Mlango. Chini ya yale maandishi ya zamani aliongeza mstari: kwamba aliyetengeneza bango amekuja mwenyewe kusema, na amemwona ni mtu muungwana.

Maoni yaliyokuja safari hii hayakuwa ya kicheko. Muuguzi mmoja aliandika kwamba alibadili gauni nyuma ya pazia lile akienda kuanza kazi, na mpaka leo hajui kwa nini alipaona pazuri hivyo. Mwingine alisema: "Nilikuwa naenda kumzika baba. Mzee hakuniuliza kitu. Alirudia kola mara mbili." Mumewe alianza kuyasoma kwa sauti ya mtangazaji, akaishia njiani, akavua miwani, akampa mkwe wake aendelee. Yalikuwa mamia. Watu wa mbali, waliopita pale saa moja tu ya maisha yao, wakawa wanalieleza jiji kwa wenyeji wake.

Mkurugenzi aliwaka moto siku ya kwanza. Ya pili alisoma maoni. Ya tatu alimwita kijana, akamwuliza kama ile picha inaweza kukuzwa bila kuharibika.

Bango jipya lilikuwa dogo kuliko la kwanza. Picha ya benchi, na maneno mawili tu, ambayo kijana aliyachukua kutoka kinywani mwa mzee: KETI KIDOGO. Siku lilipopandishwa Bibi Mita alikuwepo, na mpiga pasi naye, aliyelalamika kwamba wamemweka nyuma kwenye mvuke wakati mwenye kazi ni yeye.

Wiki chache baadaye, akipita kituoni na kikapu, alimsikia abiria akizungumza kwenye simu: "Nimefika kwenye ule mji wa pasi. Hapana, siondoki sasa hivi, nangoja shati."

Mji wa pasi. Alilirudia jina hilo njia nzima, bila kujua kama linampendeza. Lilikuwa bora kuliko la zamani, hilo hakulibishia. Lakini milango aliyoijua ilikuwa maelfu, na benchi lile lilikuwa moja.

"Ndiyo uandike haraka," mumewe alimwambia alipomsimulia, bila kuinua macho kutoka kwenye redio aliyokuwa ameifungua tumbo. "Kabla hawajatuchonga sanamu ya pasi katikati ya jiji."

Alicheka, akasogeza kiti karibu na dirisha penye mwanga, akafungua kompyuta. Aliandika juu ya fundi saa mmoja mwanamke wa barabara ya stendi ya zamani, aliyeziacha saa zote za dukani zisome majira tofauti, kila moja kwa saa aliyozaliwa mmoja wa wanawe.