Jiwe la Kondoo wa Birihut

Mimi ni dobi. Kusoma nilijifundisha mwenyewe, kwenye makaburi na kwenye mawe ya kilima cha Saturni, mungu wa baba zetu, mikono ikininuka mkojo tunaofulia sufu. Kwa hiyo jiwe la Birihut nalikumbuka. Mimi ndiye niliyekuwa nikimsomea.

Lilichongwa kondoo chini, na juu yake mtoto aliyeviringishwa nguo. Katikati maandishi: uhai kwa uhai, mwanakondoo huyu badala ya Miggin. Birihut, mama yake Miggin, alikuwa amekwisha kuzika watoto wengine. Miggin naye alipokaribia kufa mikononi mwake kwa homa, baba yake alimpandisha mwanakondoo kilimani, kama baba zetu wote walivyofanya, akamchinja. Kulipokucha mtoto akaomba maziwa.

Asije mtu akadhani namlilia Saturni. Nilibatizwa zamani, wakati aliyebatizwa alikamatwa na kung'olewa meno. Waliotuonyesha kwa askari nawakumbuka kwa majina, na majina ya wajukuu zao, ambao siku hizi wanakaa safu ya mbele kanisani.

Miggin alikua akawa msomaji wetu kanisani, na sokoni hakuna aliyemweza kwa hoja. Alisema panya wamezaa kifuani mwa sanamu ya mungu Jupita wa hekalu la mjini, na mbayuwayu wanamnyea kichwani. Alisema shaba ya sikio lake huenda jana ilikuwa chungu cha kukojolea.

"Na Saturni alikula wanawe," akasema. "Wewe Sanamo, ungempa binti yako akulelee?"

Sanamo alikuwa mchinjaji, na ulimi wake ulikuwa mkali kama kisu chake. "Na wako je, aliyeshindwa kuteremka msalabani?"

"Aliteremka kaburini akatoka, mzee wangu. Wako hawezi hata kumfukuza ndege."

Watu walicheka, na mimi nikacheka. Hoja zilikuwa za kweli. Mpaka leo nasema zilikuwa za kweli.

Kisha askofu akaamuru mawe ya kilimani yavunjwe, yawe msingi na kuta za kanisa jipya. Mbao za paa zilitolewa na Honoratiano, mwenye mashamba ya zeituni, ambaye uani kwake, kando ya bafu, anasimama Jupita wa shaba mrefu kuliko mimi. Niliuliza huyo atavunjwa lini. Nikaambiwa, hilo ni pambo tu, dobi, usilete maneno. Kumbe hoja zetu zilikuwa na miguu ya kupanda kilimani kwa wajane, lakini ya kuvuka kizingiti cha tajiri hazikuwa nayo.

Birihut alinifuata kazini. "Twende, ukanionyeshe lipi ni langu. Macho yangu hayaoni vizuri tena."

Tulimkuta Miggin na nyundo, vijana wa kanisa wamemzunguka, vumbi limewajaa nyusi.

"Mwanangu," mama akasema, "vunja yote. Hili niachie."

"Mama, jiwe halisikii."

"Sijaliomba jiwe. Nimekuomba wewe."

Vijana wakaacha kupiga. Miggin akafuta uso. "Mungu anayepokea kondoo badala ya mtoto ni mchuuzi, mama. Unamwogopa mchuuzi?"

"Alichukua kondoo, akakuacha wewe. Ukilivunja, unamrudishia kondoo wake. Sasa atachukua nini?"

"Hatachukua kitu. Hayupo. Kesho nakuja kula kwako, utaniona mzima."

"Liache moja, Miggin," nikasema. "Kanisa halitaanguka kwa kukosa jiwe moja."

"Nikianza kuliacha la mama yangu, dobi, la nani nitavunja?"

Akawatazama wale vijana. Angekuwa peke yake, naamini angeliacha. Nyundo ikashuka, jiwe likakatika kati ya kondoo na mtoto. Birihut hakulia. Aliniomba nimshike mkono kwenye mteremko.

Kesho yake Miggin alikwenda kula. Mlango ulikuwa umefungwa. Nje, chini, palikuwa na bakuli la uji wa ngano, na divai imemwagwa ardhini, kama tunavyowafanyia wafu wetu makaburini.

"Mama, ni mimi. Niko hai."

"Pumzika, mwanangu," sauti ikatoka ndani. "Chakula umeletewa."

"Maiti hasemi, mama."

"Wangu wote huwa wanasema."

Alimletea hoja zote pale mlangoni, moja baada ya nyingine, yeye aliyewanyamazisha wazee wa soko. Majirani tulisikia. Mama alijibu kwa upole ule ule, pumzika, pumzika, mpaka Miggin akaondoka.

Hakumfungulia tena. Wengine wote alitusalimu na kututania. Miggin akipita, alimwaga maji kidogo chini na kugeuza uso, bila hasira. Nadhani hasira ingekuwa nafuu. Birihut alikufa wakati wa kuchuma zeituni, na mwanawe alisimama nyuma kabisa ya maziko, kama mgeni.

Jioni ile Miggin alinijia. "Lile jiwe ungelijua ukiliona?"

Alitaka kumwekea kaburini. Tulizunguka kanisa lote. Mafundi walikuwa wamegeuzia nyuso za mawe ndani, na juu wamepiga lipu. Miggin aligongagonga ukuta kwa kidole, huku na huku, kama mtu anayebisha hodi.

"Nisomee kilichoandikwa," akasema.

Nikamsomea kwa kichwa. Nilipofika kwenye jina lake aliniomba nirudie.

Kisha akaenda akarudi na bakuli la uji. Akaliweka chini ya ukuta, popote tu, akamwaga divai. "Mama," akasema, "niko hai." Akasimama pale kusubiri. Nami sikumkumbusha maneno yake, kwamba jiwe halisikii.

Asubuhi shemasi alikuwa anafagia uji ule chini ya ukuta, anawalaani sisimizi. Alikuwa na haraka: Honoratiano alikuwa anakuja kusali.