Tangi Lililopimwa kwa Nje

Siku mbili kabla ya safari nilisoma fomu ya ofisi ya bandari ambayo mume wangu alikuwa ameijaza. Mbele ya maneno "maji ya kunywa" aliandika lita 252. Nilimuuliza namba hiyo ameipataje.

"Urefu, upana, kimo," alisema. "Hesabu ya darasa la tano."

Mume wangu ni seremala. Boti ile ya tanga, mita tisa kutoka omo hadi tezi, aliinunua ikiwa gofu akaijenga upya. Tangi pia alilitengeneza yeye: sanduku la plaiwudi lililopakwa faibaglasi ndani, likasukumwa chini ya kitanda cha mbele na kugandishwa pale kwa gundi. Mimi nilikaa miaka kumi na tisa katika chumba cha kukagua mita za maji. Huko hatukuuliza namba ni kubwa au ndogo. Tuliuliza nani aliipima, na kwa chombo gani.

Tulikuwa watatu wa kusafiri: yeye, mimi na dada yake, msusi, ambaye amesafiri naye baharini tangu utotoni. Safari ilikuwa ya siku kumi na nne, na tulijiwekea nne za akiba. Lita nne kwa mtu kwa siku, za kunywa na kupika tu, kuoga kwa maji ya chumvi. Jumla lita 216. Kwenye karatasi tulikuwa matajiri.

Nilimuuliza kama amewahi kulijaza tangi na kulimaliza kwa pampu huku akihesabu lita. Alikuwa anavaa viatu. Alisimama na kiatu kimoja mkononi.

"Mke wangu, unapima tangi au unanipima mimi?"

Kisha akaenda ofisini na fomu yake. Nilijaribu kukaa nikashindwa. Kutoka kwenye jiko hadi kitandani ni hatua nne, nikawa naenda na kurudi, nagusa mfuniko wa tangi, naenda tena. Wifi alikuwa mlangoni akishona kiraka cha tanga.

"Wifi, utatoboa sakafu kabla hatujang'oa nanga," alisema. "Kaa, au nipe kazi."

Nikampa kazi. Tulilijaza tangi kwa mpira wa gatini hadi likafurika, kisha akakanyaga pampu ya mguu nami nikakinga kwa ndoo ya lita ishirini ambayo mstari wake niliuhakiki mwenyewe. Ndoo ya nane ilijaa. Ya tisa ilipofika lita nane, bomba likakohoa hewa. Nilimwambia aendelee. Lilikohoa tu.

Lita 168. Niliangaza tochi ndani, nikaona maji bado yapo, kina cha vidole viwili hivi, chini ya mdomo wa bomba. Bomba lilikuwa kwenye kona ya kushoto, nalo liliinuliwa kidogo ili lisivute tope. Hapo likanijia swali lililonifanya nianze tena hatua zangu nne. Kwenye safari hii upepo ungetoka kushoto siku nyingi, na boti ingelalia kulia. Maji yangekimbilia upande usio na bomba.

Tulijaza tena. Tukaburuta mnyororo wa nanga na magunia mawili ya mchanga hadi ukingo wa kulia, wifi akaenda kukaa juu ya magunia. Boti ikainama. Wifi si mtu mwembamba, naye analijua hilo.

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame," alisema akijishikilia. "Lakini sijawahi kuona watu wanainamisha nyumba nzima."

Mara hii nilikanyaga na kukinga mwenyewe. Ndoo saba kamili, ndipo hewa. Lita 140. Kwa watu watatu ni siku kumi na moja na kitu.

Mume wangu alirudi saa nane na fomu imegongwa muhuri. Alimkuta dada yake juu ya mchanga na sakafu imelowa, akaelewa bila kuambiwa. Alichukua futi akapima tangi upya, akatamka vipimo kwa sauti: sentimita mia moja ishirini, sitini, thelathini na tano. Ilikuwa ileile 252. Alinitazama kama mtu aliyeshinda kesi.

"Umepima nje," nilimwambia.

Seremala hupima kabati kwa nje kwa sababu analotaka kujua ni kama litaingia chumbani. Unene wa mbao haumdai chochote. Hapa ubao na faibaglasi vilikula sentimita mbili kila upande, na mbao mbili za kati za kutuliza maji zikala zaidi. Aligonga ubavu wa tangi kwa kidole, mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Kulikata na kuhamisha bomba kungetaka siku nne za gundi kukauka. Hatukuwa nazo. Karakana ya samani ng'ambo ilikuwa imemwekea nafasi ya usimamizi hadi mwisho wa mwezi, na haikuwa na vifaa vya kuazima. Kila fundi huja na vyake. Alisema yeye atakunywa lita mbili. Nilisema hapana. Dada yake alisema kaka akikosa maji huwa hanyamazi, kwa hiyo hapana mara mbili.

Lililobaki ni madumu. Mahali pekee pa kuyafunga yasirukeruke palikuwa chini ya meza, na hapo palikaa sanduku lake la vifaa.

Kesho yake alilibeba yeye mwenyewe hadi gatini, akamkabidhi mshona matanga amtunzie. Madumu manne yakaingia: lita 80, jumla 220. Kando yake ilibaki nafasi ya dumu moja. Dumu la tano lilikuwa tayari mkononi mwangu, limejaa. Yeye alisimama upande wa pili na furushi la turubai: randa, patasi sita, msumeno mdogo. Fundi anaweza kuanza kazi na hivyo.

"Hesabu inasemaje?" aliuliza.

Nilijua hesabu. Hata zile lita 28 zinazopotea boti ikilala angeweza kunipatia kwa kushusha tanga dakika chache. Nilichotaka ni dumu la tano, na sikuwa na namba ya kuliombea.

"Kwa nilichopima," nilisema, "manne yanatosha."

Hakuuliza mara ya pili. Aliinama akalifunga furushi kwa kamba, nami nikalimwaga dumu baharini, maana kulibeba kurudi bombani kulikuwa mbali. Wifi alinitazama nikikung'uta tone la mwisho, hakutania.

Tuliondoka alfajiri. Kufikia adhuhuri nilikuwa nimechovya kijiti tangini mara tano.