Mchezo wa Watu Wawili

Gaudencia Auma alifika Adungosi, karibu na mpaka wa Uganda, mwezi wa pili mwaka 1976, akiwa na sanduku la nguo, godoro jembamba, na rekoda ya kanda za magurudumu mawili aliyoipakata njia nzima kutoka Nairobi. Idara moja ya chuo kikuu ilikuwa imemwajiri kuwa msaidizi wa utafiti. Kazi yake ilikuwa kunasa michezo ya watoto pamoja na maneno yanayosemwa na kuimbwa ndani yake. Dakta Ogutu, mhadhiri aliyeongoza utafiti huo, alimwambia ni kazi ya miezi sita na haina ugumu.

"Watoto wanacheza kila mahali," alisema. "Wewe bonyeza tu."

Lakini Gaudencia alikuwa mtu wa Rukala, asiyejua Kiteso, na watoto wa Adungosi walicheza kwa Kiteso. Kila alipotokea na mashine begani, mchezo ulikatika. Walisimama wakamtazama, wadogo wakakimbilia migombani. Watu wazima waliitikia salamu zake kwa Kiswahili kisha wakarudi kwenye mazungumzo yao. Kanisani alikaa benchi la nyuma, akaimba kwa sauti ya chini nyimbo alizozijua kwa maneno mengine. Siku nyingine zilipita bila yeye kutamka neno lolote isipokuwa "moja, mbili, tatu" akipima betri.

Alikuwa amepanga chumba kwa Amuron, mjane wa miaka sitini na kitu, mwenye goti bovu lisilomruhusu kwenda mbali kuliko kisimani. Kwa muda wa miezi miwili walisalimiana tu. Alasiri moja ya mwezi wa nne mvua iliwafungia wote wawili barazani. Gaudencia akawa anasikiliza kanda ya wasichana wa kuruka kamba, ya kwanza iliyotoka vizuri. Amuron, aliyekuwa akimenya njugu, akacheka.

"Hawa hawajui kucheza. Sisi tulikuwa na ule wa ng'ombe."

"Nichezee nisikie, mama."

"Huo ni wa watu wawili."

Akaueleza. Mnaketi mkitazamana. Mmoja anaficha mbegu kwenye ngumi na kuuliza habari za ng'ombe wake aliyepotea. Mwingine anajibu uongo, kila mara uongo mpya, na anayecheka kwanza ameshindwa. Amuron alikuwa muulizaji siku zote. Mjibuji alikuwa Akiror, rafiki yake, ambaye aliolewa upande wa Uganda, mwendo wa nusu siku kutoka Malaba mpakani. Zamani walitembeleana. Siku hizi mpaka ulikuwa na askari wengi na maswali mengi, na mwaka wa nne ulikuwa unakwisha hawajaonana.

"Uliza tu," Gaudencia alimwambia. "Mahali pa kujibu, nyamaza."

Amuron akafuta mikono kwenye leso, akafumba ngumi mbele ya mashine, akauliza. Kanda ikanasa swali, kisha mvua, kisha swali lingine, kisha mvua.

Gaudencia aliisikiliza mara nyingi wiki ile. Kwa utafiti haikuwa na faida, mchezo nusu. Hata hivyo Jumamosi alipanda nyuma ya baiskeli, akaenda Malaba kununua betri, akaanza kuwauliza akina mama waliovuka kuuza simsim kama wanamjua Akiror. Kuvuka mwenyewe hakuthubutu. Askari wa ng'ambo wangemwona na rekoda wangesema ni jasusi. Aliacha ujumbe. Jumamosi ya pili hakuna aliyekuja, na ya tatu vilevile.

Ya nne, mwanamke mrefu aliyefunga kitambaa cheusi kichwani alisimama mbele yake.

"Ni wewe unatafuta Akiror? Amuron amekufa?"

"Hapana, mama. Goti tu. Amekutumia mchezo."

Waliketi nyuma ya duka la unga, penye kelele kidogo za malori. Sauti ya Amuron ilipotoka, Akiror aliitazama mashine, akatazama nyuma yake, akaziba mdomo. Gaudencia alimwonyesha: swali likiisha atasimamisha, abonyeze kunasa, Akiror ajibu kwa ufupi mahali pale palipokuwa na mvua.

Swali la kwanza, ng'ombe yuko wapi. Akiror akajibu, kisha akamfafanulia Gaudencia kwa Kiswahili: "Nimesema amekwenda Mbale kusukwa nywele." La pili, amemwachia nani ndama. "Nimesema amemwachia paroko." Gaudencia akacheka, akashangaa kusikia kicheko chake mwenyewe.

Swali la tatu lilikuwa, atarudi lini. Akiror akaanza kusema taratibu, na hakuacha. Gaudencia alijua kanda ilikuwa inapita mahali pa jibu na kulifuta swali la mwisho la Amuron. Kidole kilikuwa juu ya kitufe cha kusimamisha. Hakukibonyeza.

"Amesemaje huyo ng'ombe?" aliuliza baadaye.

"Hiyo ni ya Amuron mwenyewe," Akiror alisema. Akajitwika mzigo wake, akarudi mpakani kabla ya saa sita.

Jioni ile Amuron alisikiliza akiwa amenyoosha mguu wake mbovu. Alicheka kwenye nywele, akacheka kwenye paroko. Lilipofika jibu la tatu aliinama.

"Mume wake walimchukua Krismasi," alisema. "Kijana wake amekimbia, haijulikani wapi. Anasema nisitume mtu tena. Watu wanaangalia nani anatafutwa na nani."

"Nimefuta swali lako la mwisho, mama. Nisamehe."

"Rudisha mwanzo."

Alirudisha, na kurudisha tena, mpaka betri zikachoka na sauti za wanawake wale wawili zikawa nzito kama za wanaume.

Mwezi wa sita barua ya Dakta Ogutu ilifika. Utafiti ulikuwa umesimamishwa; arudishe mashine na kanda zote. Kuhusu mchezo wa ng'ombe ambao Gaudencia alimwandikia habari zake, huo haukuwa mchezo wa watoto. Kanda ile ingefutwa itumike tena.

Asubuhi ya kuondoka, Gaudencia aliifunga kanda ile kwenye karatasi, akamkabidhi Amuron.

"Nitaisikiaje bila mashine?"

"Hutaisikia, mama. Lakini hawataifuta."

Amuron aliigeuzageuza mkononi, akaiingiza kwenye sanduku lake chini ya nguo za kanisani.

Nairobi, karani wa stoo alihesabu kanda mara mbili. Gaudencia akasema moja ilianguka mtoni. Karani akaandika. Idara ilipoajiri wasaidizi wengine mwaka uliofuata, jina lake halikuwamo, naye akarudi Rukala kufundisha darasa la tatu. Aliandika barua mbili kwenda Adungosi, moja Krismasi, nyingine Pasaka, akijua kwamba Amuron hakuwahi kujifunza kusoma. Hakuna aliyejibu.