Limi Amtazama Baba Mkwe kwa Hadubini

Limi alikuwa amekwisha kosea mara mbili. Mara ya kwanza Daktari Theonest alimwekea kwenye hadubini kipande cha tezi dume, ile ya wanaume iliyo chini ya kibofu cha mkojo, naye akasema ni tezi ya shingo. Mara ya pili akasema hivyo hivyo, tena kwa sauti kubwa zaidi.

"Huyo bwana mwenye tezi dume shingoni," akauliza Ansbert, mwanafunzi mwenzake, "anakojolea wapi, sikioni?"

Zamani vipande vya nyama za wagonjwa vilipelekwa Mwanza kuchunguzwa. Lakini magari yalikuwa yamekwenda vitani, na daktari akaona bora afundishe watu wake pale pale Biharamulo. Limi alitolewa chumba cha kufulia, kwa kuwa alikuwa na darasa la saba na mkono mtulivu. Akikosea mara ya tatu atarudi kwenye mashuka. Na mashuka ya mwaka ule, sabuni hakuna, yalisuguliwa kwa majani ya mpapai mpaka kucha zikawa kijani.

Shida yake kubwa ilikuwa mwanga wa dirishani. Kila akiinamia hadubini aliona kope zake mwenyewe, ndefu kama miguu ya buibui.

Asubuhi hiyo daktari akaweka kioo kipya chenye kipande cha nyama. "Haya, mama. Hiki ni cha mgonjwa wa wiki iliyopita."

Limi akaruka nyuma kama aliyekanyaga siafu. Aliyepasuliwa wiki iliyopita alikuwa mmoja tu, mzee Shibuda wa Nyabusozi, baba mkwe wake. Kapasuliwa wapi, mkamwana haulizi. Kijijini wote walijua mzee ana rovu, ule uvimbe wa tezi, shingoni. Wengine wangechungulia tu wodini waone bandeji iko wapi. Lakini Limi, kwa heshima ya ukwe, hakuwahi kumtazama, hata njia ya wodi alizunguka nyuma ya jiko.

"Daktari, siwezi kumtazama baba mkwe."

"Si baba mkwe! Ni kipande chembamba kuliko ganda la kitunguu."

"Hata chembamba, ni yeye."

"Basi mashuka yanakungoja."

Limi akafikiri, kisha akamgeukia Ansbert. "Kaka, nenda ukaniombee ruhusa."

Ansbert akaenda akicheka, akarudi hacheki. "Mzee anasema, kama ni kazi ya serikali, tazama. Lakini ujifunike. Na usitazame sana."

Limi akajifunika kanga ya mgao, kichwa chake na sehemu ya juu ya hadubini, akaacha wazi kioo cha chini cha kuvuta mwanga, akapiga magoti kwenye kigoda.

"Shikamoo, baba," akanong'ona.

"Marahaba!" akaitikia Ansbert kwa sauti nzito.

"Nyamaza wewe!" daktari akamkemea.

Ndani ya kanga kulikuwa giza. Kope zikapotea. Kwa mara ya kwanza Limi akaona vizuri: vishimo vingi vyenye kingo zilizokunjwa marinda kama ya gauni la Pasaka. Tezi ya shingo haina marinda, kingo zake ni laini kama za bakuli. Ndani ya vishimo vingine mlikuwa na vijiwe vya rangi ya waridi, tabaka juu ya tabaka. Na kati yake nyuzi za misuli zimepita huku na huku, kama kamba za kitanda.

Akatoka ndani ya kanga, macho chini kwa haya.

"Shingo?" akauliza daktari.

"Hapana. Ni ile... ya chini. Tezi dume."

Daktari akainama, akatazama, akagonga meza. "Ndiyo yenyewe! Tena imevimba kwa uzee tu, haina ubaya. Kesho saa mbili uwe hapa. Chumba cha kufulia watafute mtu mwingine."

Ansbert akatumwa tena wodini kupeleka habari. Safari hii alikawia, akarudi na ujumbe mrefu.

"Mzee anasema amefurahi sana mkamwana wake kufaulu. Nyumbani atachinja mbuzi. Ila wakikuuliza ulitazama nini, useme ilikuwa ya ng'ombe."