Maji ya Kujaza Pipa

Mwaka ule wa ukame mkubwa, Katesh nzima ilikuwa na fundi mmoja tu mwenye mashine ya kukata chuma kwa umeme na upepo, naye alikuwa mwanamke. Aliitwa Getruda Margwe, mzaliwa wa Tlawi, kule juu Mbulu, ambako watu walizoea jembe na maharage na hakuna aliyewahi kudhani kwamba binti yao angeshuka Hanang kuishi na cheche. Alisomea kuchomelea vyuma chuoni Arusha, kisha akaolewa na Vicent, kijana wa hukohuko Tlawi, fundi wa mageti na madirisha ambaye kazi aliijulia mikononi. Wakafungua banda lao kando ya barabara ya Singida, na mtoto wao, Brightness, wakamwacha Tlawi kwa bibi yake, mama wa Vicent, ili asome.

Mashine yenyewe, plazma, waliinunua kwa mfanyabiashara mmoja wa Arusha, maana siku hizo milango ya biashara ilikuwa wazi na vitu vya China vilikuwa vinamiminika hadi vijijini. Ilipofika, Vicent alitaka kuiwasha papo hapo. Getruda akamzuia. Kwanza alimwita Julius, fundi umeme, akachimbia fimbo ya shaba ardhini na kuvuta waya wa ethi, ili umeme ukipotea njia usipitie kwenye mwili wa mtu. Akataka sakafu imwagwe zege, wasije wakasimama kwenye matope siku ya mvua huku wameshika tochi ya kukatia. Matambara, makopo ya rangi na dumu la petroli la pikipiki vyote vikatolewa nje. Kila asubuhi alifungua koki ya chini ya kompresa, mtungi wa kusukuma upepo, maji yaliyojikusanya usiku yakatoka, maana upepo wenye unyevu hula ncha ya tochi na chuma kinatoka kimetafunwa badala ya kukatwa.

"Umeshamaliza kuibatiza?" Vicent alimuuliza, majirani wakacheka.

"Bado. Vaa miwani."

Vicent akavaa. Alikuwa mtu mwema, mwepesi wa utani, na alijifunza haraka. Lakini Katesh ni mji wa mnada, na mnadani watu wana midomo. Walikuwa wakipita bandani wanamuuliza, "Vicent, bosi wako yupo?" Naye anacheka nao. Getruda alikuwa anakiona kicheko hicho kinavyoishia kwenye meno, akanyamaza, kwa sababu hakujua mke anasema nini katika jambo kama hilo bila kulizidisha.

Mvua za mwaka huo hazikuja. Ziwa Balangida lilirudi nyuma likaacha chumvi tupu, na huko tambarare ng'ombe wakaanza kulala chini na kukataa kuinuka. Boza la maji likawa linapita vijijini siku mojamoja. Likifika mahali likakosa chombo, dereva hana muda wa kusubiri: anafungua bomba, maji yanaingia kwenye shimo lolote lililopo, na ng'ombe wanagombania matope.

Asubuhi moja akaja mzee Gidamis, mfugaji wa Kidatooga wa upande wa ziwani, akiwa na mkokoteni wa punda na mapipa mawili ya chuma. Shuka lake lilikuwa limepauka kwa vumbi, na midomo imempasuka.

"Shikamoo mzee," Getruda alimsalimu.

"Marahaba, mwanangu." Akatazama ndani ya banda. "Fundi yuko wapi?"

Vicent alikuwa ameinama kwenye geti, akainua kichwa. Mzee hakuwa na ubaya wowote. Aliuliza kama mtu yeyote wa umri wake angeuliza.

"Fundi ni mimi, mzee. Na huyu mume wangu pia," Getruda akasema. "Tukusaidie nini?"

"Kata hizi. Pasua katikati, ziwe hori za ng'ombe. Boza linakuja kesho kwetu. Wiki iliyopita lilimwaga maji chini, nikapoteza ndama."

Getruda alifungua kizibo cha pipa la kwanza, akainama, akarudi nyuma. "Lilikuwa na nini?"

"Petroli. Nimepewa na mtu wa duka. Lakini imekwisha, siku nyingi. Hakuna kitu humo."

"Ndiyo shida yenyewe hiyo, mzee. Pipa lililojaa lina nafuu. Hili tupu limejaa mvuke wa petroli, hata kama hauuoni. Moto ukiligusa, linapasuka kama bomu. Inabidi nilioshe kwa maji ya moto na sabuni, halafu nilijaze maji mpaka karibu na mstari wa kukata. Hapo mvuke unakosa pa kukaa. Sikati bila maji."

Mzee Gidamis akamtazama kama anayesubiri amalizie mzaha.

"Maji?" akasema. "Mwanangu, mimi kama ningekuwa na maji ya kujaza pipa, ningekuja hapa kutafuta nini?"

Bombani maji hayakuwa yametoka tangu wiki ile ilipoanza. Nyumbani walikuwa na dumu moja la kupikia. Vicent akaweka chini brashi ya chuma, akaja karibu.

"Mama Brightness, tuyaweke mapipa juani yakiwa wazi mchana kutwa. Jua hili litakausha hata shetani."

"Jua halitoshi."

"Nitanusa mwenyewe. Kama harufu imekwisha..."

"Pua inadanganya, Baba Brightness. Tumeshayaongea haya." Alilisema hilo mbele ya mzee, na mbele ya wanaume wawili waliokuwa wakisubiri geti lao. Mmoja wao akakohoa kikohozi cha kucheka. Getruda akakisikia, na akaona sikio la Vicent limebadilika rangi, lakini akili yake ilikuwa imeshakwenda kwenye maji. Parokiani kulikuwa na tangi kubwa la mvua za mwaka uliopita, na watu walikuwa wanapimiwa. Angewaomba masista. Angebeba kidogokidogo hata kama ni siku nzima.

"Mzee, nisubiri," akasema. "Nitatafuta maji. Leo hutaondoka bila hori."

Akachukua madumu mawili na toroli la jirani, akaondoka. Mashine aliiacha imezimwa. Baadaye, watu walipomuuliza, hilo ndilo alilolisema zaidi ya yote: aliiacha imezimwa.

Foleni ya parokiani ilikuwa ndefu, ya wanawake na ndoo zao. Sista alimsikiliza, akatikisa kichwa, kisha akatazama midomo ya Getruda iliyokuwa imekauka kwa kuomba, akasema atampa, ila asubiri zamu. Zamu ilipofika, dumu la pili likiwa bado nusu, mlio ukaja kutoka upande wa barabara. Mlio mmoja, mzito, wa kifua. Kunguru wakaruka kutoka kwenye paa la kanisa. Wanawake wakageuka, mmoja akasema tairi la lori, mwingine akasema baruti za wachimba kokoto.

Getruda aliliacha dumu chini ya bomba likijaa na kumwagika. Alikuwa ameshaanza kukimbia.

Alikuta bati la paa limekunjika na kuning'inia barabarani. Pipa lilikuwa limefunguka kama ua, mfuniko wake umetupwa ng'ambo hadi kwenye ukuta wa mashine ya kusaga. Mzee Gidamis alikuwa amekaa chini kwenye vumbi, damu ikimtoka sikioni, akiita kwa Kidatooga jina ambalo Getruda hakulijua. Punda walikuwa wamekata kamba. Vicent alikuwa amelala chali juu ya zege ile aliyoidai Getruda mwenyewe, miwani imeyeyukia usoni, mkono bado umevaa glovu. Kompresa ilikuwa inaendelea kuunguruma. Getruda aliipita, akazima swichi kubwa ukutani kabla ya kumgusa mumewe, na hata hilo watu walimsema: kwamba alianza na mashine.

"Baba Brightness."

"Nilinusa," Vicent akasema. "Hakukuwa na harufu. Truda, nilinusa kabisa."

"Nyamaza. Usiongee."

"Mzee alikuwa analia. Sikuweza kumtazama mzee mzima analia."

Wakampakia kwenye gari la mtu wa mahindi wakampeleka hospitali. Njia nzima Getruda alikuwa amemshikilia kichwa kisigonge bodi. Wodini alikaa naye akimdondoshea maji mdomoni kwa kitambaa. Vicent aliuliza kama mzee amepona, aliuliza kama geti la wale wateja limekamilika, na mara moja, bila kuulizwa, akasema, "Walisema unanitawala." Getruda akamwambia hakuna anayesema hivyo. Vicent akasema, "Wewe hukuwasikia." Jumamosi homa ikapanda, na Jumapili kabla ya misa ya kwanza akafa.

Walimzika Tlawi, kwao, kwenye shamba la mama yake, Zita, mahali ambapo udongo ulikuwa mkavu kiasi kwamba wachimbaji walilazimika kutumia mtaimbo. Mama Zita hakumpigia kelele mkwewe. Alisubiri waombolezaji wapungue, akaja kuketi naye jikoni.

"Ulijua ni hatari," akasema.

"Nilijua, mama."

"Ukaondoka, ukamwachia."

"Nilikwenda kutafuta maji."

"Yeye hakuwa mtoto wa kuambiwa asiguse mbele za watu. Ungemchukua mkaenda naye." Kisha akainuka kugeuza sufuria, na Getruda akajua kwamba hakuna siku ambayo mama huyu atalisema tena, wala siku ambayo atalisahau. Brightness alikuwa amelala kwenye mkeka, viatu vya shule bado miguuni. Getruda akamvua, taratibu, kimoja baada ya kingine.

Alirudi Katesh peke yake. Alikuwa na nia ya kufunga banda. Mashine ilikuwa nzima. Mlipuko uliirushia vumbi tu. Alikuwa anakusanya nyaya alipomwona mzee Gidamis anakuja, na safari hii punda walikuwa wamebeba madumu, mawili kila ubavu. Nyuma yake wanawake wawili, wake wa boma lake, wamebeba mengine mgongoni. Sikio lake lilikuwa limefungwa kitambaa, na Getruda alipomsalimu ilibidi arudie kwa sauti.

"Nimekuja kwa ajili ya pole," mzee akasema. "Ng'ombe wa kuleta sina aliye na nguvu ya kufika hapa. Nimeleta haya." Akaonyesha madumu ya maji ya boza. "Ulisema unajaza maji. Tulikataa kuelewa. Lile pipa lingine bado lipo."

Pipa la pili lilikuwa palepale ukutani lilipoachwa.

"Haya ni ya ng'ombe wako," Getruda akasema.

"Ni ya ng'ombe, ndiyo."

"Nikiyatia humu yataharibika. Hayanyweki tena na mnyama yeyote. Unaelewa, mzee?"

"Naelewa." Mmoja wa wale wanawake akageuza uso.

Getruda angeweza kusema hapana, na hakuna ambaye angemlaumu. Mwishowe akawasha moto wa kuni nyuma ya banda, akachemsha maji na sabuni ya unga, akalisuuza pipa mara kwa mara, akilibingirisha huku na huku hadi mabega yakamuuma. Akalilaza juu ya mawe, vizibo vyote wazi, akachora mstari kwa chaki upande wa juu, akajaza maji mpaka chini kidogo ya mstari. Halitatoa hori mbili, alimwambia mzee, litatoa moja, lakini kubwa. Akawarudisha wote hadi ng'ambo ya barabara, hata mbwa. Akasimama juu ya ubao mkavu kwa buti za mpira. Akabana kibanio cha waya wa ethi kwenye chuma alichokikwangua kutu. Akavaa glovu kavu. Miwani aliyovaa ilikuwa yake; ile ya Vicent walimzika na kipande chake.

Alibonyeza, upepo ukafoka, akaachia. Akabonyeza tena, akaachia. Wanaume wa mnadani walikuwa wamesimama ng'ambo wanatazama, na safari hii hakukuwa na wa kukohoa. Mara ya tatu hakuachia. Moto mwembamba wa buluu ukashuka, cheche zikazama majini zikilia, na mstari ukafunguka polepole kuelekea kwake.

Hakuna kilicholipuka. Ukanda wa bati ukadondoka. Aliposukuma hori kuimwaga, maji yakatoka yana rangi za mafuta, yakaingia kwenye vumbi yakapotea. Mbuzi wa jirani walikimbilia harufu ya unyevu, Getruda akawafukuza kwa mawe huku analia kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu msiba. Mzee Gidamis alitazama maji yale yanavyoisha. Wakapakia hori kwenye mkokoteni wakaondoka.

Mvua zilipokuja, miezi mingi baadaye, alisikia kwamba zizi la Gidamis lilibaki na ng'ombe wachache tu, wa kuhesabika kwa mkono. Hori ile haikuwaokoa wengi. Iliwaokoa hao.

Getruda hakufunga banda. Mtu akileta pipa lililokuwa na mafuta, bila maji, humrudisha, hata kama amesafiri kutoka mbali kama Masieda, hata kama anaomba kwa machozi. Katesh wakaanza kumwita mama mwenye moyo wa jiwe. Wengine humwambia usoni. Yeye hufungua kizibo, huonyesha kwa kidole mahali pa kwenda kuomba maji, kisha hurudi kwenye kazi iliyo mezani, na mlango wa banda huuacha wazi ili awaone wanaokuja.