Masikio ya Karatasi

Sina haja ya kujisafisha. Nilimwonea shemeji yangu wivu tangu siku aliyopanda jukwaa letu la ujenzi na kibegi chake cha bisibisi, na nilimwonea hadharani, kwa sababu kufanya mambo ya siri sijui. Yeye ni mdogo wa kike wa mke wangu, fundi umeme, na kazini wanamwita Waya. Mimi ni mwashi, mwaka wa ishirini na mbili sasa. Jengo lile la ghorofa nne nililianza kwenye msingi, magoti yangu yamo topeni. Yeye alikuja kuta zimekwisha simama, akakuta kivuli.

Jumamosi ya kwanza ya malipo tulipanga foleni moja. Ujira wake wa siku ulikuwa mara mbili ya wangu na ushee. Nikamfuata msimamizi kumuuliza sababu. Hakuinua hata kichwa kwenye karatasi zake.

"Ukuta ukipinda tunaunyoosha kwa lipu," alisema. "Umeme ukikosewa unaua."

"Na ukuta ukianguka je? Unachekesha?"

Mafundi walicheka, yeye hakucheka, na malipo yakabaki vilevile. Wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nyufa nimeziba na kuta nimejenga, na kwa vyote viwili sifikii hata nusu ya mtu anayepitisha waya ndani ya ukuta wangu.

Hilo peke yake ningelimeza. Lililonikaa kooni ni la binti yangu. Tulimbandika jina la Timazi alipoanza kusimama, maana alisimama wima kama ile kamba yenye jiwe tunayopimia kuta. Alikuwa amemaliza shule, na fomu ya chuo cha ufundi ilitakiwa Jumatatu. Kwenye fomu kulikuwa na mstari mmoja ulioninyima usingizi: fani unayoomba. Mwiko wangu niliurithi kwa baba, mpini wake umelika mahali pa kidole gumba, kwanza chake, kisha changu. Timazi akiwa mdogo nilimfundisha kugonga ukuta kwa vifundo vya vidole na kusikiliza. Lipu iliyoshika huitika kwa sauti nzito, na penye uwazi nyuma yake hulia tupu. Mtoto yule alikuwa na sikio kunishinda. Nilijua mwiko ule ni wake.

Lakini tangu shemeji aje, mezani kwetu ikawa mama mdogo hivi, mama mdogo vile. Mke wangu naye alimsifu mdogo wake huku akiniongezea chai ili nisijisikie vibaya. Nilijisikia vibaya, na chai nikainywa.

Wiki ile nilikuwa napiga lipu ghorofa ya tatu. Kabla ya lipu, fundi umeme hujaza visanduku vya swichi karatasi za mifuko ya saruji zilizoloweshwa, ili lipu isiingie ndani. Shemeji ana mtindo wake: kila kisanduku hukiachia ncha mbili za karatasi zilizotokeza nje. Anaziita masikio. Mwashi akiyaona, anajua pa kukatia lipu yake. Nilikuwa nimekata kuzunguka masikio yale mara mia, kwa unadhifu ambao hakuna anayeulipia.

Alhamisi mchana alinipitia akiwa na furaha tele. Timazi ameomba kuja kesho kutembelea kazi, na msimamizi amekubali.

"Aone kwanza kabla hajajaza fomu, shemeji," alisema, akaenda zake.

Aone nini? Aone kazi ya nani? Nikarudi jikoni nilikokuwa napiga lipu. Kisanduku kimoja kilikuwa bado, masikio yake mawili yananitazama. Kijiba cha roho kikanipanda. Nikalikunja sikio la kwanza ndani kwa kidole gumba, nikalikunja la pili, nikapiga lipu juu yake na kusugua mpaka ukuta ukawa laini usioonyesha kitu. Nilitaka ahesabu visanduku vyake mbele ya mwanangu apungukiwe. Nilitaka aonekane wa kubahatisha.

Ijumaa asubuhi Timazi alikuja na kofia ngumu ya kuazima. Shemeji akamzungusha vyumbani, wakafika jikoni, mimi nimewapa mgongo nasugua ukuta wa pili. Nikamsikia shemeji akihesabu. Sita. Akahesabu tena. Viwe saba, vikawa sita. Msimamizi akasimama mlangoni, akauliza kama kuna kisanduku kilichosahauliwa. Shemeji akafungua mchoro, akasema kiko upande huu, labda atapasua kidogokidogo mpaka akipate. Alikuwa tayari ameshika tindo na nyundo. Mambo yalikwenda kama nilivyoyapanga, na sitasema uongo, yalininogea.

"Subiri, mama mdogo," alisema Timazi.

Akausogelea ukuta, akaanza kugonga. Nzito. Nzito. Nzito. Akashuka kidogo, akagonga, ukuta ukalia tupu. Akagonga pembeni yake, juu na chini, kisha akachora mraba kwa penseli. Shemeji akapasua ndani ya mstari ule tu, na kisanduku kikatokea palepale.

"Nani kamfundisha huyu?" aliuliza msimamizi.

"Baba."

Wote wakanigeukia. Miaka mingi sikuwahi kutazamwa vile kazini. Nilisahau fitina yangu yote, nikataka kumwambia kila mtu katika jengo lile kwamba huyu ni wangu. Raha ile ilidumu kiasi cha kuvuta karatasi kutoka kisandukuni.

Timazi aliivuta. Akaikunjua, akatazama yale masikio mawili yaliyolazwa ndani, moja juu ya jingine. Mwashi aliyesahau huyafunika masikio yakiwa yamesimama. Hayajikunji yenyewe. Mtoto aliyekulia kwenye lipu yangu hakuhitaji kuelezwa. Hakunitazama. Shemeji naye aliiona, akamgeukia msimamizi.

"Kosa langu," alisema. "Hiki nilisahau kukitolea masikio."

Msimamizi akaguna, akashuka ngazi. Hata kwa wema yule mwanamke alinizidi, na hilo nalo nikamwonea wivu.

Jioni Timazi aliiweka fomu mezani. Mama yake alikuwa jikoni. Kwenye mstari wa fani palikuwa pameandikwa kwa penseli, herufi zimenyooka kama matofali ya mstari wa kwanza: uashi.

"Niliandika tangu Jumanne," alisema. "Leo nilikuja kazini kwenu kumwambia mama mdogo asinisubiri kwenye umeme. Sikupenda aambiwe na mtu mwingine."

Nilimwomba msamaha. Nilimwambia ni wivu tu, ulinishika nikashindwa kujizuia, na wivu huo ni wa mimi na shemeji yangu, yeye asiuingize kwenye fomu. Nilikwenda kuuchukua mwiko kwenye begi nikauweka karibu na mkono wake. Aliutazama mpini, akapitisha kidole gumba pale palipolika. Kilienea sawasawa.

"Najua ni wivu, baba," alisema. "Lakini nikiwa mwashi, siku ukuta wangu utakapokuwa mzuri kuliko wako, mimi utanifanyia nini?"

Niliusukuma mwiko mpaka ukagusa mkono wake.

Akausogeza mwiko upande wangu taratibu. Akachukua kifutio, akafuta, akapuliza vumbi, akaandika kwa kalamu: umeme. Kisha akanigeuzia fomu, akanionyesha mahali pa sahihi ya mzazi. Chini ya wino neno la kwanza lilikuwa bado limeacha alama kwenye karatasi, maana alikuwa ameliandika kwa kukandamiza. Nikalisoma lote, kisha nikatia sahihi.