Barafuni, Mguu Juu

Katika bonde la Lauvdalen hapakuwa na mwenye leseni asiyeyajua maneno matatu ya Mwalimu Eilif: barafuni, mguu juu. Aliwafundisha watu udereva kwa miaka arobaini, na wote aliwaimbia wimbo huo mmoja. Ukihisi gari linateleza, usiguse breki. Inua mguu kwenye kanyagio, shika usukani, liache gari lipunguze mwendo lenyewe. Hata harusini watu walitaniana kwayo, bwana harusi akizidisha pombe anaambiwa mguu juu. Na kweli yaliwaokoa wengi, tusimnyime mzee haki yake. Ila zama zile gari lilikuwa la petroli.

Ijumaa hiyo ya mwishoni mwa Januari, binti yake wa pekee, Ingvild, alikuwa ameketi jikoni kwa mzee, magongo yake mawili yameegemea ukuta. Nyonga ilikuwa bado haijaunga vizuri. Wiki sita zilikuwa zimepita tangu wamzike mama yake, Gunnvor, na bado mzee alikuwa akiandaa vikombe viwili vya kahawa kila asubuhi, kisha anakirudisha kimoja kabatini.

Mzee alikuwa akiandika. Ilikuwa barua ya tatu kwa gazeti la bonde, na ilitakiwa ifike kabla ya saa sita mchana. Katika mbili za kwanza alisema kwamba Halvard, fundi wa matairi, alimfungia binti yake matairi ya baridi yasiyo na misumari ya kung'ata barafu, tena yaliyochoka, na ndiyo maana gari likaserereka kabla ya daraja na Gunnvor akafa. Hii ya tatu haikuzunguka. Ilimwita Halvard muuaji kwa jina lake na kuitaka polisi ifunge karakana yake.

Hata bila barua ya tatu, Halvard alikuwa ameshaanza kuzama. Nyuma ya karakana yake alikuwa na hoteli ya matairi, ndivyo wanavyoiita huko, ghala ambamo bonde zima huyalaza matairi yake ya kiangazi mpaka baada ya Pasaka. Baada ya barua ya pili watu walianza kuja kuyachukua. Mwezi wa Januari, theluji magotini! Mtu haendi kuchukua matairi ya kiangazi wakati huo ila awe anataka aonekane akiyachukua. Waliyapakia kwenye magari mchana kweupe, na Halvard mwenyewe akawasaidia kuyabeba.

Ingvild aliyajua yote hayo, na alijua zaidi, na hicho ndicho kilichomnyima usingizi kuliko nyonga.

Siku ile ya Desemba mvua ilikuwa imenyesha juu ya barabara iliyoganda. Alikuwa akimrudisha mama yake kutoka kwa daktari wa macho. Kwenye mteremko wa kuelekea darajani alilisikia gari limekuwa jepesi, na kabla hajafikiri mguu wake ulikuwa umeshainuka, wote, kwa mara moja, kama alivyofundishwa na baba yake akiwa na miaka kumi na saba. Lakini gari lake lilikuwa la umeme. Kwenye gari la namna hiyo, ukiinua mguu mota inageuka kazi, inaanza kuzalisha umeme wa kurudisha kwenye betri, na inayavuta magurudumu yasizunguke. Kiangazi ni raha tupu: tairi limeshika lami, betri inapata riziki yake, mtu anamaliza wiki hajagusa breki. Barafuni tairi la baridi, hata liwe jipya kutoka kiwandani, halina cha kushika cha kuhimili mvuto kama huo. Magurudumu ya nyuma yakagoma na mkia wa gari ukazunguka. Ingvild akangoja, mguu hewani, gari litulie lenyewe. Lilitoka barabarani kinyumenyume, likagonga jabali upande aliokaa mama.

Na Halvard alikuwa amemwambia. Oktoba, alipomaliza kukaza nati ya mwisho, aliingia garini akamwonyesha kwenye skrini ya gari: kuanzia leo mpaka Pasaka, nguvu ya breki hii ya mota iweke chini kabisa, matairi haya ni mazuri ila barafuni hayataiweza. Ingvild akaiweka chini. Alipofika nyumbani akamsimulia baba, na mzee akacheka mpaka akakohoa. Fundi matairi amfundishe mtoto wa Eilif kuendesha? Kesho yake Ingvild akairudisha juu. Alikuwa ameizoea, na isitoshe, alikuwa mtoto wa Eilif.

Polisi walipomuuliza hospitalini, alisema hakumbuki kitu. Daktari akamsaidia kwa kusema hutokea. Aliona aibu, lakini zaidi ya aibu alimwogopea baba yake. Utamwambiaje mtu kwamba mke wake ameuawa na maneno yake mwenyewe?

Siku moja kabla ya barua hii ya tatu, Halvard alikuwa amekwenda nyumbani kwa Ingvild. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, akakataa kuingia kwa sababu viatu vilikuwa na theluji. Hakulalamika, wala hakumtaja mzee kwa ubaya. Alisema mke wake siku hizi anakwenda kununua maziwa bonde la pili. Kisha akauliza alichokuja kuuliza.

"Dada Ingvild, nilikuambia kuhusu ile breki, au sikukuambia? Maana nimefika mahali nimeanza kujitilia shaka."

Ingvild alimjibu kwamba hakumbuki. Halvard akamshukuru, akaenda zake. Usiku kucha Ingvild alijichukia.

Sasa mzee alikuwa amemaliza. Alimsomea barua yote, kwa sauti ile ile ya darasani, akaikunja na kuanza kutafuta bahasha.

"Baba, usiipeleke."

"Nisiipeleke? Umemwonea huruma? Yeye alimhurumia mama yako?"

"Matairi yalikuwa mazima."

"Wewe utajuaje? Si ulisema hukumbuki?"

"Nakumbuka, baba. Nakumbuka yote."

Mzee aliiweka bahasha mezani. La kuvunda halina ubani, na Ingvild alikuwa amechoka kufukiza. Alimweleza onyo la Halvard, kicheko cha siku ile, na jinsi alivyoirudisha breki juu kesho yake. Mzee alimsikiliza bila kumkatiza, kisha akasema kicheko cha jikoni hakipindui gari.

"Hakipindui," Ingvild alisema. "Niulize nilifanya nini kule mteremkoni."

Kwa muda mzee hakutaka kuuliza. Mtu aliyeketi na wanafunzi elfu mbili garini hujua swali ambalo jibu lake linamngoja. Lakini alikuwa mwalimu, na hatimaye ualimu ulimshinda.

"Ulipohisi linateleza, ulifanya nini?"

"Niliinua mguu."

"Nusu, au wote?"

"Wote. Kama ulivyonifundisha. Na kwenye gari lile, baba, kuinua mguu ndiko kufunga breki."

"Breki yenyewe hukuigusa?"

"Sikuigusa."

"Hata lilipoanza kuzunguka?"

"Hata hapo. Nilikuwa nangoja litulie."

Mzee akaitikia kwa kichwa polepole, mara mbili, kama alivyowaitikia wanafunzi waliofaulu mtihani.

"Basi ulifanya sawasawa," alisema.

Ingvild alilia. Alikuwa amejiandaa kwa makelele, kwa kufukuzwa, kwa baba kukataa katakata. Kwa sentensi hiyo hakuwa amejiandaa. Alitaka kuinuka amshike, nyonga ikakataa, akabaki akinyoosha mkono juu ya meza, na mzee hakuuona.

Mzee aliifunua barua, akaigeuza, na nyuma yake akaanza kuandika majina. Aliandika kwa muda mrefu. Mara moja tu aliinua kichwa, akauliza ni nani kati ya watu wa bonde wenye magari ya umeme siku hizi.

"Karibu wote, baba."

Akaendelea kuandika mpaka karatasi ikajaa, akaongeza ya pili. Kisha akavuta simu na kumpigia wa kwanza.

"Halvard, ni Eilif. Ulimwambia. Amekumbuka." Halvard akasema anakuja. "Hapana, usije sasa. Nitakuja mimi kwako, na gazetini nitaandika upya. Lakini kwanza nina watu wa kuwapigia."

Wa pili alikuwa Aslaug, mwanamke wa kiwanda cha maziwa, aliyepata leseni miaka thelathini iliyopita. Mzee alimwomba radhi kwa kumsumbua kazini. Alimwambia, kwa sauti ya chini ambayo Ingvild hakuwahi kuisikia, kwamba lile la mguu juu asilifuate tena, kwenye gari lake jipya linaua. Aslaug akauliza kitu. Mzee akafumba macho.

"Limemuua Gunnvor wangu," akasema. Akatia alama mbele ya jina la Aslaug, akampigia wa tatu.